Kilichomo Kichupani: Mjadala wa Usalama wa Viambato vya Chanjo

1. Kichupa na karatasi yake

Kichupa cha chanjo ya pepopunda kinachofunguliwa katika kliniki ya wajawazito kina mililita tano za majimaji. Kila mama huchomwa nusu mililita, kwa hiyo kichupa kimoja hutosha watu kumi. Kabla ya kuvuta dawa muuguzi hukitikisa, kwa kuwa chembe nyeupe zimetuama chini; asipotikisa, wa kwanza atapata maji na wa mwisho atapata tope. Kwenye lebo kuna namba ya toleo, tarehe ya mwisho ya matumizi na alama ya duara yenye mraba ndani yake. Mraba ukikolea hadi kulingana na duara, dawa imepigwa na joto na haitumiki tena. Orodha ya viambato imechapwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, na karatasi hiyo ni nadra kumfikia anayechomwa.

Viambato hivyo hugawanyika katika makundi matano. La kwanza ni antijeni, yaani kile ambacho mwili unafundishwa kukitambua: virusi vilivyodhoofishwa au kuuawa, kipande cha kimelea, au sumu ya kimelea iliyoondolewa makali. La pili ni kichochezi, chumvi au mafuta yanayouamsha mwili upokee somo hilo kwa nguvu. La tatu ni kihifadhi, kinachozuia bakteria kuota ndani ya kichupa kinachochomwa sindano mara nyingi. La nne ni vidhibiti, kama sukari na jelatini, vinavyoilinda dawa dhidi ya joto na ukaushaji. La tano ni mabaki ya kiwandani: fomaldehaidi iliyotumika kuua virusi, protini ya yai ambamo virusi vya mafua hukuzwa, au chembe za antibiotiki.

Kila kiambato kinaweza kuulizwa maswali manne yasiyofanana: ni kitu gani, ni kiasi gani, kimetoka wapi, na nani amekipima kwa njia gani. Mabishano mengi ya miaka mia moja iliyopita yalirefuka kwa sababu swali moja lilijibiwa kwa jibu la jingine. Mzazi aliyeuliza kuhusu asili aliambiwa kuhusu kiasi, na askofu aliyeuliza nani amepima aliambiwa kwamba dawa ni salama.

2. Ni kitu gani: kisa cha zebaki

Kihifadhi kiliingia katika chanjo kwa sababu ya vifo. Januari 1928, katika mji wa Bundaberg, Queensland, nchini Australia, watoto 21 walichomwa chanjo ya dondakoo kutoka chupa moja. Chupa hiyo ilikuwa imefunguliwa siku kadhaa kabla, ikatumika bila madhara, kisha ikakaa katika joto la kiangazi. Haikuwa na dawa yoyote ya kuzuia vijidudu. Watoto 12 walikufa, na tume ya uchunguzi ikakuta bakteria aina ya stafilokoka katika majimaji hayo. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Sindano iliyoingia na kutoka ndiyo iliyopeleka bakteria ndani, na joto likawazalisha.

Funzo hilo halijachakaa. Mei 2017, katika kijiji cha Nachodokopele huko Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua. Sindano moja ilitumika siku nne mfululizo, na dawa iliyokwishachanganywa ilikaa bila baridi muda wote huo. Chanjo ya surua ina virusi hai, na kihifadhi kingeviua. Ndiyo maana kanuni inataka kichupa kilichochanganywa kimwagwe baada ya saa sita. Kichupa cha pepopunda chenye kihifadhi, kikiwa kimetunzwa kwa baridi, huruhusiwa kuendelea kutumika hadi siku 28.

Kihifadhi kilichoenea zaidi ni thiomasali, kilichotengenezwa Marekani miaka ya 1920. Takribani nusu ya uzito wake ni zebaki, na hapo ndipo penye mgogoro. Zebaki ina sifa mbaya, na inastahili sifa hiyo. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 uliwapooza na kuwaua watu waliokula samaki kutoka ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda, na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika. Zebaki ya Minamata ilikuwa zebaki ya methili. Iliyomo katika thiomasali hugeuka mwilini kuwa zebaki ya ethili.

Tofauti ya herufi moja huonekana kama ujanja wa maneno, lakini wakazi wa Afrika Mashariki wameiona mitaani. Kilevi kilichomo katika bia na katika chang'aa ni ethanoli. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe ya bei nafuu iliyoitwa Kumi Kumi iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine kwa sababu ilikuwa na methanoli. Majina yanakaribiana, ila moja mwili huichoma na kuitoa, na nyingine hugeuka mwilini kuwa sumu inayoharibu mishipa ya macho. Zebaki za aina mbili nazo hazilingani. Ile ya methili hupungua kwa nusu katika damu kwa muda wa wiki sita hadi saba. Ile ya ethili hupungua kwa nusu kwa siku chache, na kwa watoto wachanga waliopimwa nchini Argentina ilichukua chini ya siku nne.

Marekani ilipochukua hesabu ya zebaki yote iliyomo katika dawa na vyakula, chini ya sheria ya mwaka 1997, ilibainika kwamba mtoto aliyefuata ratiba kamili angeweza kupokea mikrogramu 187.5 hadi kufikia miezi sita. Kiasi hicho kilipita kikomo kimojawapo cha serikali, lakini kikomo hicho kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya zebaki ya methili, kwa kuwa cha ethili hakikuwepo. Tarehe 7 Julai 1999 chama cha madaktari wa watoto na idara ya afya ya umma ya nchi hiyo vilitoa tamko la pamoja: hakuna ushahidi wa madhara, ila thiomasali iondolewe kwa tahadhari. Wazazi wengi walisikia sehemu ya pili tu. Kwao, kitu kisicho na madhara hakiondolewi kwa haraka.

Dhana kwamba thiomasali huleta usonji ilipimwa katika nchi zilizoiacha. Denmark iliiacha mwaka 1992, na idadi ya watoto waliotambuliwa kuwa na usonji ikaendelea kupanda. Jimbo la California liliona vivyo hivyo baada ya chanjo za watoto kuondolewa thiomasali mwaka 2001. Mwaka 2004 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilihitimisha kwamba ushahidi unakataa uhusiano huo. Ni vyema kukumbuka pia kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, iliyotuhumiwa na Andrew Wakefield mwaka 1998 katika makala ambayo jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, haijawahi kuwa na thiomasali hata chembe. Tuhuma mbili tofauti ziliunganishwa na midomo ya watu zikawa moja.

Nchi maskini ziliutazama mjadala huo kwa jicho jingine. Kuondoa kihifadhi ni kuhamia vichupa vya dozi moja moja, ambavyo ni ghali zaidi na hujaza majokofu ambayo tayari ni machache. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaopiga vita matumizi ya zebaki duniani, uliziacha nje chanjo zenye thiomasali. Hata hivyo suala halikulala: Juni 2025 kamati ya ushauri wa chanjo ya Marekani, iliyokuwa imeundwa upya na Waziri wa Afya Robert F. Kennedy Jr., ilipiga kura dhidi ya chanjo za mafua zenye kihifadhi hicho, na waziri akaidhinisha mwezi uliofuata, huku madaktari wa watoto wakipinga.

3. Ni kiasi gani: alumini na fomaldehaidi

Muhogo mchungu una sianidi. Unalowekwa, unachachushwa, unaanikwa, kisha unaliwa na familia nzima bila hofu. Pale njaa au vita inapofupisha maandalizi hayo, watu hupatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu. Kila mpishi wa muhogo anajua kwa vitendo kanuni ya kwanza ya elimu ya sumu: jina la kitu halitoshi, lazima kiasi kijulikane.

Kichochezi cha alumini kina historia ya karibu karne moja. Mwaka 1926 Alexander Glenny na wenzake huko Uingereza waligundua kwamba chanjo ya dondakoo iliyochanganywa na shabu, ile ile inayotumika kusafishia maji ya mtoni, iliamsha kinga kuliko chanjo tupu. Siku hizi hutumika chumvi nyingine za alumini, nazo ndizo zile chembe nyeupe zinazotuama chini ya kichupa. Dozi moja kwa kawaida haizidi miligramu 0.85.

Watetezi wa chanjo hupenda mlinganisho mmoja: katika miezi sita ya kwanza mtoto wa Marekani hupata takribani miligramu 4.4 za alumini kwa chanjo, na takribani 7 kwa maziwa ya mama. Hesabu ni sahihi, ila mlinganisho una pengo. Alumini inayomezwa hupita na choo, na isiyofika hata sehemu moja kwa mia ndiyo huingia katika damu. Ile ya sindano huingia yote, ingawa polepole. Mkosoaji anayeliona pengo hilo ana haki ya kudai jibu bora, na jibu hilo hutokana na kuwafuatilia watoto wenyewe. Julai 2025 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watoto milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1997 na 2018, wakilinganisha kiasi cha alumini walichopokea na maradhi 50 ya muda mrefu, yakiwemo pumu na usonji. Waliopokea nyingi zaidi hawakuugua zaidi.

Kwa fomaldehaidi, kiasi kinajieleza chenyewe. Kemikali hii hutumika kuhifadhi maiti, na watu wakisikia jina lake fikra hukimbilia mochwari. Lakini mwili wenyewe huitengeneza kila saa katika kazi zake za kawaida. Mtoto wa miezi miwili mwenye kilo tano ana takribani miligramu 1.1 katika damu yake muda wote, na tunda moja la pea lina takribani 12. Dozi ya chanjo haizidi 0.1.

4. Kimetoka wapi: jelatini na seli

Swali la asili haliulizi kama kitu kinadhuru. Linauliza kama ni halali kukipokea, na takwimu za maabara haziwezi kulijibu.

Jelatini ya chanjo nyingi hutokana na ngozi na mifupa ya nguruwe. Mwaka 1995 wanazuoni zaidi ya mia moja walikutana Kuwait chini ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi ya Tiba, wakajadili hukumu ya kitu kilichobadilika dhati yake. Waliegemea kanuni ya istihala: mvinyo ukigeuka siki hukumu ya mvinyo huondoka, na vivyo hivyo jelatini iliyogeuzwa kabisa kutoka katika asili yake ni tohara. Si wanazuoni wa madhehebu yote walioafikiana na hoja hiyo. Agosti 2018 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kwamba chanjo ya surua na rubela iliyokuwa ikitumika nchini humo ni haramu kwa kuwa ilitumia vitu vya nguruwe, ila inaruhusiwa kwa dharura mpaka ipatikane ya halali. Serikali ilitegemea sehemu ya pili ya fatwa. Wazazi wengi walishika ya kwanza. Katika mkoa wa Aceh, watoto waliochanjwa katika kampeni hiyo walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi.

Kwa Wakatoliki, suala limekuwa seli. Virusi vya rubela hukuzwa ndani ya seli za binadamu zilizotokana na mimba mbili zilizotolewa miaka ya 1960. Moja ya koo hizo za seli ilianzishwa na Leonard Hayflick huko Philadelphia mwaka 1962, na nyingine ilianzishwa Uingereza mwaka 1966. Seli hizo zimezaliana maabara tangu wakati huo. Hakuna mimba mpya inayohitajika, na seli zenyewe huondolewa wakati wa kusafisha chanjo. Vatican ilitoa mwongozo mwaka 2005, ikarudia Desemba 2020 wakati wa janga la korona: pasipokuwa na chanjo mbadala, muumini anaweza kuipokea bila kushiriki dhambi ya asili yake, huku akiendelea kudai chanjo isiyo na doa hilo. Hapa pia jibu lililokubalika halikutoka kwa daktari. Lilitoka kwa mwenye mamlaka juu ya swali.

5. Pale tuhuma zilipokuwa za kweli

Mjadala huu usingedumu kama kila tuhuma ingekuwa ya uongo. Aprili 1955 maabara ya Cutter ya California ilitoa chanjo ya polio ambayo virusi vyake vilipaswa kuwa vimekufa, kumbe katika baadhi ya matoleo vilikuwa hai. Waliochanjwa waliwaambukiza pia wa nyumbani mwao. Watu zaidi ya 150 walipooza na 10 walifariki. Baada ya hapo Marekani ilikaza usimamizi wa viwanda vya chanjo.

Mwaka 1960 iligunduliwa kwamba figo za nyani zilizotumika kukuzia virusi vya polio zilibeba kirusi kingine kilichopewa jina SV40, na mamilioni ya watu walikuwa wameshakipokea. Kilisababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara. Ufuatiliaji wa miongo iliyofuata haukuonyesha ongezeko la saratani kwa waliochanjwa, ingawa mwaka 2002 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema ushahidi uliopo haukutosha kulifunga suala hilo moja kwa moja.

Miaka ya 1990 madaktari wa Japani waliona watoto wakipata mzio mkali baada ya chanjo, wakafuatilia hadi kwenye jelatini. Viwanda viliipunguza au kuiondoa, na mizio ikapungua. Mzio mkali bado hutokea, kwa wastani wa takribani mara moja katika dozi milioni moja, na ndiyo sababu ya kumkalisha aliyechomwa dakika kumi na tano kwenye benchi kabla ya kumruhusu aende.

Kisa kigumu zaidi ni cha chanjo ya mafua ya nguruwe iliyoitwa Pandemrix. Agosti 2010 Finland na Sweden zilibaini vijana wengi kuliko kawaida wakipatwa na nakolepsi, maradhi ya kulala ghafla mchana. Macho yaligeukia kichochezi chake kipya, chenye mafuta ya skwaleni na vitamini E. Lakini chanjo ya Kanada yenye kichochezi hicho hicho haikuonyesha tatizo kwa kiwango kile, na baadaye watafiti walianza kushuku umbo la antijeni yenyewe. Madhara yalikuwa ya kweli. Kiambato cha kwanza kulaumiwa huenda hakikuwa chenyewe.

Visa hivi vinne vinafanana katika jambo moja. Kosa lilijulikana kwa sababu palikuwa na namba za matoleo, kumbukumbu za wagonjwa na watu waliotafuta kwa makusudi. Pasipo daftari, tuhuma ya kweli na ya uongo hufanana sura.

6. Nani amepima: Kenya, 2014

Pepopunda ya watoto wachanga huanzia kwenye kitovu. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha mifugo. Kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa samadi kama ilivyo desturi ya baadhi ya jamii, mtoto huacha kunyonya baada ya siku chache, mwili hukakamaa, na wengi hufa. Mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga akiwa tumboni. Ndiyo sababu kampeni ya Wizara ya Afya ya Kenya, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ililenga wanawake wa miaka 14 hadi 49 katika wilaya zenye hatari kubwa, ikaendeshwa kwa awamu tatu: Oktoba 2013, Machi 2014 na Oktoba 2014.

Namna hiyo hiyo ya kampeni ilizua shaka. Kwa nini wanawake tu, wakati wanaume ndio wanaochomwa na misumari? Kwa nini umri wa kuzaa? Kwa nini dozi zaidi ya moja kwa muda mfupi? Novemba 2014 Baraza la Maaskofu Katoliki la Kenya, likiungwa mkono na chama cha madaktari Wakatoliki kilichoongozwa na Dakta Stephen Karanja, lilitangaza kwamba sampuli za chanjo zilizopelekwa maabara zimekutwa na homoni ya hCG, na kwamba lengo lilikuwa kuwafanya wanawake tasa. Kauli hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu Kanisa ni miongoni mwa wenye hospitali na zahanati nyingi zaidi nchini.

Tuhuma haikuzuka hewani. Homoni ya hCG ndiyo inayoishikilia mimba katika majuma ya mwanzo. Tangu miaka ya 1970 Profesa G. P. Talwar wa New Delhi alikuwa akitafiti chanjo ya uzazi wa mpango iliyofunga sehemu ya homoni hiyo kwenye sumu butu ya pepopunda, ili mwili ujenge kingamwili dhidi ya vyote viwili. Mwaka 1994 alichapisha matokeo ya wanawake 148 waliojitolea: takribani wanne kati ya watano walijenga kinga ya kutosha, na uwezo wa kushika mimba ulirudi kinga ilipofifia. Chanjo hiyo haikuingia sokoni, lakini ilikuwa imetengenezwa, na jina la pepopunda lilikuwa ndani yake. Katikati ya miaka ya 1990 tuhuma kama hizi zilikuwa zimeshasambaa Mexico na Ufilipino.

Basi swali lilikuwa moja: je, vichupa vya Kenya vilikuwa na hCG? Maabara zilizotumiwa mwanzoni zilikuwa za hospitali, na kipimo kilikuwa kile kinachotumika kwa wajawazito. Kipimo hicho hufanya kazi kwa kingamwili mbili: moja huinasa homoni, nyingine hujishika juu yake na kutoa rangi au mwanga. Kimerekebishwa kwa ajili ya damu au mkojo wa binadamu, wenye chumvi na asidi ya kiwango kinachojulikana. Majimaji ya chanjo yana alumini na kihifadhi, vitu ambavyo waliotengeneza kipimo hawakuvitarajia, na vinaweza kuvuruga rangi au mwanga huo. Juu ya hayo, namba ndogo sana kwenye mashine si sawa na kuwepo kwa homoni. Hata damu ya mtu asiye na mimba hutoa namba fulani, na kila maabara ina kikomo ambacho chini yake jibu husomwa kuwa hakuna.

Hitilafu ya aina hii ilionekana hadharani miaka sita baadaye. Desemba 2020 mbunge wa Austria alidondosha kola kwenye kipimo cha haraka cha korona mbele ya Bunge, kikaonyesha kwamba kuna virusi. Kinywaji hakikuwa na korona. Asidi yake iliharibu kingamwili za kipimo, mstari ukajitokeza. Kipimo kizuri kikitumika kwa kitu kisichokuwa chake hujibu kwa ujasiri ule ule.

Serikali ilipinga tuhuma, na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF vilieleza kwamba chanjo hiyo ilikuwa imetumika kwa wanawake milioni 130 katika nchi 52. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila lilijibu swali la chanjo kwa jumla. Maaskofu walikuwa wameuliza kuhusu vichupa vya mkononi. Kamati ya Bunge ilisikiliza pande zote mbili, na ikakubaliwa upimaji wa pamoja. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2015, vichupa vilivyochukuliwa bohari havikuonyesha homoni, na vichache vilivyotolewa na upande wa Kanisa vilisemekana kuwa nayo. Kila upande uliyasoma kwa njia yake. Kwa serikali, vichupa vilivyopita mikono mingi bila muhuri havikuthibitisha kitu. Kwa maaskofu, ndivyo hasa vilivyotumika uwanjani. Makala ya kitafiti iliyorudia tuhuma hizo mwaka 2017 ilitegemea sampuli zile zile, hivyo ikarithi udhaifu wake.

Ushahidi uliopo hauungi mkono kuwepo kwa homoni katika chanjo hiyo, lakini mgogoro haukumalizwa na maabara, kwa sababu masharti hayakuwekwa kabla. Upimaji wa kumaliza ubishi huhitaji mambo manne. Vichupa vichaguliwe na pande zote mbili kutoka bohari na kutoka vituoni, namba za toleo ziandikwe, vifungwe kwa muhuri mbele ya mashahidi. Njia ya kupima ithibitishwe kwanza katika majimaji ya chanjo yenyewe, kwa kutia kiasi kinachojulikana cha homoni katika kichupa kimoja na kuona kama mashine inakisoma sawasawa. Maabara zaidi ya moja zipime bila kujua kichupa kipi ni kipi. Na pande zote ziandike mapema ni jibu gani litawafanya waache madai yao.

7. Jinsi ubishi unavyokwisha

Kaskazini mwa Nigeria kuna mfano wa ubishi uliofungwa. Mwaka 2003 jimbo la Kano lilisimamisha chanjo ya matone ya polio, viongozi wa dini na baadhi ya madaktari wakidai ina vitu vya kuzuia uzazi. Mji wa Kano ulikuwa na kidonda: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto, na kesi kuhusu ridhaa ya wazazi ilikuwa bado mahakamani. Chanjo ilisimama takribani mwaka mzima. Virusi vyenye nasaba ya kaskazini mwa Nigeria vilisafiri hadi nchi zipatazo ishirini, vikafika Yemen na Indonesia.

Chanjo ilirudi Kano mwaka 2004 kwa njia ambayo hotuba za wataalamu hazikuweza kuifungua. Ujumbe ulioshirikisha viongozi wa Kiislamu ulifuatana na sampuli hadi maabara za nje, zikiwemo za Afrika Kusini na Indonesia. Ilikubaliwa chanjo inunuliwe kutoka Biofarma, kiwanda cha Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote. Kisha gavana Ibrahim Shekarau alisimama hadharani binti yake mdogo akidondoshewa matone. Dawa ilikuwa ya aina ile ile, na kemia yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba walioshuku walikuwepo wakati wa kupima.

Mamlaka za dawa za Afrika Mashariki zimekuwa na uwezo zaidi tangu wakati huo. Desemba 2018 mamlaka ya Tanzania, ambayo sasa inaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kufikia daraja la tatu la usimamizi, lenye maana ya mfumo imara unaofanya kazi vizuri. Uwezo huo hutumika zaidi kabla ya chanjo kufika kituoni: kukagua hati za kiwanda, kufuatilia matoleo, kupokea taarifa za madhara. Kinachobaki ni hatua ya mwisho, kutoka bohari hadi benchi la kliniki, ambako karatasi ya viambato hukaa ndani ya boksi kwa lugha isiyosomwa na wengi. Kuitafsiri kwa Kiswahili, kuibandika ukutani karibu na ratiba ya chanjo, na kumwezesha muuguzi kueleza kwa nini chembe nyeupe hutikiswa kabla ya sindano, ni kazi ya gharama ndogo kuliko kampeni moja iliyosusiwa.